Damu Kwenye Kikoi: Bakteria wa Tumboni na Saratani Tunayoionea Haya



Marehemu kaka yangu aliificha damu kwa miezi minane. Aliyeigundua ni shemeji, asubuhi moja akifua nguo, alipoliona doa kwenye kikoi. Alipomuuliza, kaka alijibu kwa ukali usiokuwa wake: "Ni bawasiri hizo, wacha." Kumbe hata hilo jina la bawasiri alipewa tu. Alikuwa ameshakwenda zahanati moja hapa kisiwani, akajieleza kwa mkato kwa sababu foleni ilikuwa refu na aliyemhudumia alikuwa msichana wa umri wa binti yake. Akapewa dawa za kuingiza kwa nyuma, akaambiwa apunguze pilipili. Hakuna aliyemlaza kitandani akampima kwa kidole. Alirudi mara ya pili, akapewa dawa zile zile.

Barazani tulimwona anapungua. Mmoja akasema ni sukari. Mwengine akasema ana jambo zito nyumbani. Mimi ndugu yake nilisema amechoka na kazi. Uso ulipoanza kupauka akaambiwa damu imepungua, ale maini na mchicha. Siku kamera ilipoingia ndani, saratani ya puru, yaani ile sehemu ya mwisho ya utumbo mpana, ilikuwa imeshafika kwenye ini. Tulimzika Kikowani akiwa na miaka 52. Mwenyezi Mungu amrehemu.

Naandika haya leo kwa sababu ya ujumbe uliozunguka kwenye simu zetu, kwamba Wazungu wamegundua njia ya kuijua saratani ya utumbo kwa kupima bakteria walioko kwenye choo, na kwamba inapatia kwa asilimia 90. Kila aliyeupata akanitumia mimi, kwa vile wanajua yaliyotupata. Diploma yangu ni ya uhasibu, si ya udaktari. Lakini tangu msiba ule nimesoma sana juu ya ugonjwa huu na nimewasumbua madaktari wengi kwa maswali. Ujumbe ule una ukweli ndani yake, na una jambo moja unaloliacha nje.

Tuanze na tumbo lenyewe. Mwili wa mtu mzima una bakteria wanaokadiriwa kufika trilioni 38, karibu sawa na idadi ya seli zake mwenyewe, na wengi mno wanaishi kwenye utumbo mpana. Usiwaonee kinyaa. Kazi yao kubwa ni kula kile ambacho sisi hatukuweza kukisaga, yaani zile nyuzinyuzi za maharage, mboga na nafaka. Wakishazila wanatoa vitu vinavyolisha ukuta wa utumbo, na kimoja mashuhuri kinaitwa butireti, ambacho hutuliza uvimbe na kusaidia seli zikae sawa. Ni kama mtaa wa Kibokoni au Kuze: watu wamebanana, lakini kila mmoja anajua kazi yake na kila mgeni anaonekana.

Saratani ya utumbo mpana nayo haiji kwa ghafla kama radi. Mara nyingi huanza na kijinyama kidogo kinachoota kwenye ukuta wa utumbo. Vingi havina madhara. Vichache hukua polepole na kubadilika, na safari hiyo mpaka iwe saratani kwa kawaida huchukua miaka 10 au zaidi. Hebu fikiria ugonjwa unaokupa miaka 10 ya kuukamata! Kijinyama kikionekana kwa kamera hukatwa pale pale na hadithi inaishia hapo. Hata saratani yenyewe, ikigunduliwa kabla haijatoka kwenye utumbo, kwenye nchi zenye matibabu mazuri karibu wagonjwa tisa kati ya kumi huwa hai baada ya miaka mitano. Ikishasambaa hadi kwenye ini au mapafu, wanaobaki ni mmoja au wawili. Tofauti ya kaka yangu na mtu aliyepona ni wakati tu.

Sasa bakteria wanaingiaje? Mwaka 2012 makundi mawili ya watafiti, moja Canada na jengine Marekani, yalichapisha jambo lililowashangaza wenyewe. Walipochunguza uvimbe wa saratani ya utumbo walimkuta kwa wingi bakteria anayeitwa Fusobakteria. Huyu kwao si tumboni. Kwao ni kinywani, kwenye ukoga wa meno na ufizi uliooza. Anafanya nini huko chini? Baadaye ilionekana kwamba ana kitu kama ndoana kinachomsaidia kujibandika kwenye seli za utumbo na kuzichochea zikue. Mwaka 2024, watafiti wa Fred Hutchinson kule Seattle walipima uvimbe wa wagonjwa wapatao 200, wakaona kwamba tawi moja tu la bakteria huyo ndilo linalopatikana, nalo lilikuwemo kwenye takriban nusu ya vivimbe hivyo. Tawi hilo lina uwezo wa kustahimili tindikali ya tumbo, kwa hiyo linaweza kusafiri kutoka mdomoni mpaka chini likiwa hai. Niliposoma hivyo niliukumbuka mswaki wa mti ambao babu hakuutoa mfukoni. Sisemi kwamba mswaki unazuia saratani, hilo halijathibitishwa na mtu. Nasema tu kwamba sunna ile ya kusafisha kinywa nilikuwa nimeifanya ya Ramadhani peke yake.

Yuko pia E. coli. Wengi wa jamaa hawa ni wapole, lakini wako baadhi wanaotengeneza sumu inayoitwa kolibaktini, ambayo inakata vinasaba vya seli na kuacha alama maalumu, kama mhuri. Mwaka 2025 jarida la Nature lilichapisha uchunguzi wa saratani za watu 981 kutoka nchi 11. Mhuri wa kolibaktini ulikuwa mara 3.3 zaidi kwa waliougua kabla ya miaka 40 kuliko kwa waliougua baada ya miaka 70. Watafiti wanadhani alama hizo huanza kuwekwa utotoni, kabla mtoto hajafika hata miaka kumi. Jambo hilo linanitia wasiwasi kuliko mengine yote, kwa sababu duniani ugonjwa huu unazidi kuwapata vijana. Hapa kwetu tunamkumbuka Ken Okoth, mbunge wa Kibra, aliyejitokeza hadharani kusema ana saratani ya utumbo iliyofika hatua ya nne. Alifariki Julai 2019 akiwa na miaka 41. Kwa kuusema ugonjwa wake bila kujificha alifanya jambo ambalo wanaume wengi wa mji huu, na kaka yangu mmoja wao, hatuwezi.

Nisitoke hapa kabla sijasema neno juu ya Flagyl. Mwaka 2017 watafiti wa Boston waliwapandikizia panya uvimbe wa binadamu wenye Fusobakteria, wakawapa dawa hiyo ya metronidazo, na uvimbe ukapunguza kasi ya kukua. Nawajua watu wetu: kesho mtu atapita duka la dawa anunue Flagyl za wiki mbili "kujikinga". Usifanye hivyo. Panya si wewe, na dawa ile haichagui, inafagia wabaya na wazuri pamoja. Tayari tunaimeza kila tumbo linapounguruma, na huo ni msiba mwengine unaohitaji makala yake.

Kuna sehemu ya hadithi hii iliyoanzia jirani kabisa na sisi, na inanifurahisha kuisimulia. Daktari Denis Burkitt, mpasuaji kutoka Ireland, alifika Uganda mwaka 1946, akafanya kazi Lira kisha Mulago kule Kampala. Wengi wanamjua kwa saratani ya watoto inayoitwa kwa jina lake. Lakini alikuwa na udadisi wa jambo jengine: mbona kwa miaka yote ile aliona saratani ya utumbo mara chache mno, wakati Uingereza ilikuwa imejaa? Akaanza kuuliza hospitali za mbali, kupima uzito wa choo cha watu na muda ambao chakula hukaa tumboni. Naam, kupima choo, na wenzake walimcheka. Mwaka 1971 aliandika kwamba siri iko kwenye nyuzinyuzi: mwanakijiji wa Afrika anakula nyingi, choo chake ni kikubwa na kinapita upesi. Hakupatia kila kitu. Watu wa wakati ule hawakuishi umri mrefu wa kuupata ugonjwa huu, na wengine walikufa bila kupimwa. Lakini njia aliyoionyesha ilikuwa ya kweli.

Mwaka 2015 njia hiyo ilijaribiwa kwa namna nzuri sana. Watafiti waliwachukua Wamarekani weusi 20 wa Pittsburgh na watu 20 wa vijijini Afrika Kusini, wakawabadilishia chakula kwa wiki mbili. Wamarekani wakala chakula cha kijijini chenye nyuzinyuzi tele na mafuta machache, wale wa Afrika Kusini wakapewa nyama na vibanzi vya kukaanga. Kabla ya kuanza walipimwa kwa kamera: Wamarekani tisa walikuwa na vijinyama, Waafrika hakuna hata mmoja. Baada ya wiki mbili tu, bakteria wa pande zote mbili walikuwa wamebadilisha kazi. Kwa Wamarekani butireti ilipanda mara mbili na nusu na dalili za uvimbe zikashuka. Kwa Waafrika ikawa kinyume chake. Wiki mbili tu, hata Shaaban haijafika nusu vizuri!

Ukitembea Mji wa Kale magharibi utaona tunaelekea wapi. Viazi karai, bhajia, chipsi, soseji, smokie iliyopasuliwa ikatiwa kachumbari kiduchu ya kuipa heshima. Shirika la utafiti wa saratani la Umoja wa Mataifa lilishaiweka nyama ya kusindikwa, mwaka 2015, kwenye kundi la vitu vinavyojulikana kwa yakini kusababisha saratani, na likakadiria kwamba gramu 50 kila siku, kama soseji moja, huongeza hatari ya saratani ya utumbo kwa asilimia 18. Mishkaki haimo kwenye kundi hilo. Nyama nyekundu ya kawaida imewekwa kundi la chini yake, la vitu vinavyoshukiwa sana. Na mbaazi za nazi, ambazo vijana wanaziona chakula cha wazee, ndizo hasa bakteria wazuri wanazozitaka. Tatizo ni mahamri manne yanayofuatana nazo.

Turudi kwenye ujumbe wa simu. Habari ile ni ya Chuo Kikuu cha Geneva, Uswisi, nayo ilichapishwa Agosti 2025. Tatizo lililokuwepo ni hili: ukipima choo ukasema "humu yumo bakteria fulani", hujasema kitu, kwa sababu ndani ya jina moja wako wapole na wako waovu. Ni kama kumkataa mchumba kwa sababu ya jina la ukoo wake wote, bila kuuliza ni mtoto wa nani. Ukienda upande wa pili ukamchunguza kila mmoja peke yake utapotea, kwa sababu wanatofautiana mno baina ya mtu na mtu na nchi na nchi. Watu wa Geneva wakasimama katikati, kwenye kiwango cha matawi ya ukoo. Wakaorodhesha matawi ya bakteria wa tumboni, wakaifundisha kompyuta kulinganisha vyoo vya wagonjwa na vya wazima. Ikagundua saratani 90 katika kila 100. Kamera ya utumbo hugundua kama 94. Kwa kipimo cha choo peke yake, hilo ni jambo kubwa.

Lakini jambo linaloachwa nje na ujumbe ule ni kwamba hicho si kipimo unachoweza kukiagiza. Ni matokeo ya utafiti, na wenyewe wamesema wanaandaa majaribio kwa wagonjwa. Tena kuna swali letu sisi: kompyuta ile imefundishwa kwa matumbo ya nani? Sehemu kubwa ya takwimu za aina hii duniani ni za Ulaya, Marekani na Asia. Wahadzabe wa Ziwa Eyasi, Tanzania, walipopimwa mwaka mzima kwa sampuli 350, ilionekana bakteria wao wengine hupotea na kurudi kulingana na majira ya mvua na kiangazi, na wamo ambao watu wa mijini hawanao kabisa. Mwaka 2025 ulitoka uchunguzi mwengine wa wanawake 1,801 wa Burkina Faso, Ghana, Kenya na Afrika Kusini, na ndani yake wakapatikana bakteria zaidi ya elfu moja ambao hawakuwa wamewahi kuorodheshwa. Wa Kenya walikuwa wa Nairobi. Tumbo la mtu wa Mvita, la nazi na samaki, bado linangoja zamu yake.

Kwa hiyo aliyeniuliza kama asubiri kipimo cha bakteria, nilimjibu asisubiri. Kuna kipimo cha choo kilichopo leo, cha kutafuta damu iliyojificha. Kijinyama kikubwa au saratani huvuja damu kidogo kidogo, isiyoonekana kwa macho. Unachovya kijiti kwenye choo chako, unakirudisha kwenye kichupa, unapeleka maabara. Vile vipimo vya zamani vilitaka usile nyama siku kadhaa. Hiki kipya kinatambua damu ya binadamu tu, kwa hiyo mishkaki ya jana usiku haiharibu majibu. Kikifanywa mara moja hugundua saba au nane katika kila saratani kumi, ila vijinyama vikubwa vingi hukipita, kama robo tu ndiyo hukamatwa. Ndiyo maana hurudiwa kila mwaka. Kikionyesha damu si lazima iwe saratani, lakini ni lazima kamera ifuate. Kukaa na majibu hayo kabatini ni sawa na kutopima.

Mwenzetu mmoja wa barazani, mwenye miaka 50, alikubali kupima mwaka jana. Alikuwa akipeleka kichupa chake Hospitali Kuu ya Pwani, ile wazee bado wanaiita Makadara, adhuhuri ikamkuta karibu na Msikiti wa Mandhry. Amevua viatu, ndipo akakumbuka kilichomo mfukoni. Kwetu sisi Mashafi sala haisihi ukiwa umebeba najisi, hata iwe imefungwa kwenye chupa. Akatoka mbio kwenda kukiweka kwenye pikipiki, akaikosa rakaa ya kwanza. Tumemcheka mwezi mzima. Lakini alipima, na waliomcheka wengi wao hawajapima.

Kipimo hicho ni cha mtu asiye na dalili. Marekani tangu 2021 wanashauri kuanzia miaka 45. Ukiwa na damu unayoiona mwenyewe, au choo kimebadilika kwa wiki kadhaa, kimekuwa chembamba, unahisi haja haijaisha hata baada ya kumaliza, unapungua mwili, au mwanamume damu yako imepungua bila sababu, usipoteze muda na kichupa. Nenda kwa daktari, useme neno "damu" kwa sauti, ukubali kupimwa kwa kidole. Bawasiri ni nyingi kuliko saratani, ni kweli, lakini hazijulikani kwa kuambiwa tu juu ya meza. Dada zetu wanaoona haya mbele ya daktari mwanamume, ombeni daktari mwanamke mapema. Akikosekana, dharura ina hukumu yake, na masheikh wetu wanalijua hilo.

Na ukiwa na mzazi, ndugu au mtoto aliyeugua, hatari yako ni kama mara mbili ya watu wengine, na ushauri wa kawaida ni kuanza kamera ukiwa na miaka 40, au miaka 10 kabla ya umri aliougundua ugonjwa ndugu yako, ipi inatangulia. Mimi nilikuwa na miaka 43 kaka alipofariki. Daktari aliniambia siku ile ile, tukiwa bado na karatasi za hospitali mikononi, kwamba nimeshachelewa miaka mitatu. Nikaongeza mitatu mingine. Mara ni Ramadhani, mara ni ada za shule, mara bei ya kamera kwenye hospitali binafsi, ambayo si ya kuchezea. Ukweli ni kwamba nilikuwa naogopa, na nilikuwa naona haya.

Nilikwenda mwaka huu, baada ya shemeji kuniuliza swali moja tu: "Na wewe unangoja mpaka mkeo afue?" Siku moja kabla unakunywa dawa ya kuendesha, lita kwa lita, na chakula ni maji, supu iliyochujwa na chai ya rangi. Usiku ule sitausahau, na sina haja ya kuueleza. Kamera yenyewe sikuihisi. Nilichomwa sindano ya usingizi, nikaamka wamemaliza, kama nusu saa. Daktari akanionyesha picha: vijinyama viwili, kimoja ukubwa wa punje ya mchele, kingine kama mbaazi. Vimekatwa, vikapelekwa maabara. Majibu yalirudi vikiwa vya ile aina inayoweza kugeuka siku za mbele, ila vilikuwa havijageuka. Alhamdulillahi.

Nimeandikiwa nirudi baada ya miaka mitano. Shemeji ameniomba nakala ya karatasi hiyo awawekee wanawe watatu, pamoja na vyeti vyao vya kuzaliwa. Nilimpelekea Ijumaa iliyopita baada ya sala. Juu yake ameandika kwa kalamu nyekundu mwaka ambao kila mmoja atatimiza miaka 40.